Nyuki wangu wamebadilika ghafla, walikuwa wapole sasa wanafukuza watu hadi barabarani. Nifanyeje?

Kijana wa Migunga:

Wakuu habari za jioni, naomba mnisome mpaka mwisho maana hili jambo limenikaba na huku kijijini zimebaki siku chache tu lifike kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Nipo Singida vijijini, nimeanza kufuga mwezi wa kumi mwaka jana. Nina mizinga 6 ya kibiashara, ile ya viunzi vya juu, nimeitundika kwa waya kwenye migunga nyuma ya shamba la baba, kama hatua 200 toka nyumbani. Niliipaka nta tu kwenye viunzi, minne ikaingia nyuki yenyewe kabla ya Krismasi, wa 5 ukaingia mwishoni mwa mwezi wa tatu alizeti zikiwa zimechanua kote, nikafurahi sana.

Toka mwezi wa kwanza mpaka wa nne sikuwa na shida nao kabisa. Naenda jioni na kofia ya neti na bomba la moshi, siku nyingine hata glavu sivai, nafunua kiunzi kimoja kimoja naangalia majana (watoto wa nyuki) naangalia asali nafunika narudi nyumbani na mwiba mmoja au hamna. Namba 3 ndio walikuwa wapole kuliko wote, mdogo wangu wa kike yuko darasa la tano alikuwa anasimama pale pale ananishikia ndoo.

Sasa mwishoni mwa mwezi wa tano nimeenda kama kawaida, namba 3 hata kifuniko sijagusa, sijui ni nini kiliwapata, wakatoka wote kwa pamoja wakaniingia mpaka ndani ya suruali, nimekimbia mpaka barabara ya lami na bado wapo kichwani. Nikasema labda nimekosea siku. Nikarudi baada ya siku 4, yale yale. Na wiki hii Jumanne saa 7 mchana wamemshambulia mbuzi wa jirani alikuwa amefungwa kamba maeneo hayo, mbuzi kafa. Mtoto wa jirani alikwenda kumfungua akapigwa miiba 9 shingoni na usoni, namshukuru Mungu yuko salama ila usiku ule sikulala.

Mjomba wangu anasema nyuki wakishaonja damu ndio basi, niende usiku nikawachome kwa petroli. Mimi roho inaniuma, nyuki ni wale wale niliowalea mwenyewe, miezi mitatu iliyopita walikuwa wananitembelea mkononi. Inawezekanaje nyuki wakabadilika hivi? Na nifanye nini kabla ya kufikia huko kwenye petroli?

Mrina wa Sikonge:

Kijana pole sana, na umfikishie pole mwenye mbuzi. Mbuzi mlipe kwanza, hata kama hajadai, usisubiri uitwe. Ukishalipa utapata siku za kufikiri.

Petroli iweke chini. Nimerina asali tangu nikiwa mdogo namfuata baba yangu porini na mizinga ya magome, hiyo habari ya kuonja damu haipo. Nyuki hali nyama. Nyuki akiwa mkali kuna kitu analinda au kuna kitu kinamsumbua, kazi yako ni kukijua. Nijibu haya taratibu usikimbilie:

Ni namba 3 peke yao au na wale wengine wamebadilika japo kidogo? Alizeti za huko zimekauka lini? Mara ya mwisho umerina lini na ulirinaje? Chini ya mzinga kuna makwaruzo ya kucha, siafu, nyuki waliokufa? Mlangoni wanaingia na chavua miguuni au wanaingia mikono mitupu? Na huyo mbuzi alifungwa wapi hasa, maana "maeneo hayo" ni neno kubwa.

Muli wa Kitui:

Pole bro. Hapa kwetu Kitui hii kitu ilinipata mwaka juzi, mizinga yangu ni ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu, lakini nyuki ni wale wale. Mimi ilikuwa ni dawa. Majirani walikuwa wanapulizia ndengu dawa ya wadudu saa tatu asubuhi wakati maua yamefunguka na nyuki wako kazini. Wanaorudi wanatetemeka mlangoni wanazunguka mgongo chini, kesho yake nakuta rundo la maiti mbele ya mzinga, na waliobaki ulikuwa huwezi hata kuwasogelea. Sikuwalaumu majirani, hawakuwa wanajua. Tuliongea wakakubali kupulizia jioni jua likizama, na tangu hapo hatujapata shida. Angalia kama kuna mtu anapulizia nyanya au vitunguu hapo karibu.

Kitu kingine, ukipigwa mwiba wa kwanza hebu nusa. Unatoa harufu kama ndizi mbivu. Hiyo harufu ndio inaita wengine, ndio maana ukipigwa mmoja mahali wanarudi pale pale. Nguo ulizokuwa umevaa siku ya kwanza, ulizifua kabla hujarudi baada ya siku 4?

Kijana wa Migunga:

Shikamoo mzee wa Sikonge, na asante kaka Muli. Nguo kwa kweli sikufua, nilizianika tu juani. Kesho alfajiri naenda kuchunguza, nitasimama mbali niangalie kwa muda mrefu kabla ya kusogea. Mbuzi nimeshaongea na baba, tunalipa Jumamosi.

Dada wa Zamu:

Naingilia hapa kidogo maana nafanya kazi zahanati na hao watu wa nyuki nawapokea kila kiangazi.

Huyo mtoto wa miiba 9, muangalieni. Kuvimba pale alipochomwa ni kawaida hata siku mbili tatu. Lakini mtu yeyote akichomwa, hata na mmoja tu, akaanza kuvimba midomo au ulimi, kukoroma anapovuta pumzi, vipele mwili mzima mbali na mahali alipochomwa, kutapika, kizunguzungu, hapo hakuna kusubiri wala kupaka chochote, ni kituo cha afya chenye sindano ya adrenalini mara moja. Dakika zina maana. Na aliyechomwa miiba mingi sana hata kama hana mzio aje, sumu ikiwa nyingi inaumiza figo na haionekani siku ile ile.

Mwiba unatolewa haraka kwa njia yoyote ile, kucha, kisu upande wa bapa, ukingo wa kadi. Watu wanapoteza muda kubishana usikamue usibane, wakati kile kifuko kinaendelea kusukuma sumu chenyewe. Toa, osha kwa sabuni, weka maji ya baridi. Na wakikuvamia kimbia moja kwa moja, funika uso na fulana, ingia ndani ya nyumba au gari ufunge. Usijirushe majini, wanakusubiri juu. Usikimbilie kwenye watu, na mikono usiirushe rushe.

Na kaka, mdogo wako asirudi pale kushika ndoo kwa sasa.

Kijana wa Migunga:

Wakuu nimerudi. Nimeshinda juu ya kichuguu toka saa 12 asubuhi mpaka saa 4, halafu nikarudi usiku na tochi niliyoifunga kitambaa chekundu maana nilisoma kwamba nyuki rangi nyekundu hawaioni. Najibu maswali ya mzee moja moja.

Sio namba 3 tu. Namba 1, 2 na 4 nao wamebadilika ila kidogo, wanagongagonga kofia lakini hawafukuzi. Namba 5 ndio wametulia kabisa kama zamani. Alizeti zilikauka mwanzoni mwa mwezi wa tano, saa hizi zimeshavunwa na migunga haina maua, yaani ukiangalia huku kote ni kahawia. Wengi wanaingia bila chavua. Makwaruzo hamna, siafu hamna maana waya nimepaka grisi. Dawa hakuna anayepulizia kaka Muli, ni kiangazi.

Kurina, hapa ndio naomba mnisamehe. Nilirina namba 1 na 2 katikati ya mwezi wa tano, mara yangu ya kwanza. Nilirina saa 10 alasiri kwa sababu niliogopa kuingiliwa na giza. Masega mengine yalikatika yakaanguka chini sikuyaokota yote, na ile ndoo niliyokamulia niliiacha pale chini ya mti ili nyuki wailambe isipotee bure. Nilidhani nawasaidia.

Na mbuzi nimeenda kuuliza vizuri. Alikuwa amefungwa kwenye mti ule ule wenye namba 3. Mtoto wa jirani hakujua, aliona kivuli tu. Kwa hiyo kila mbuzi akivuta kamba mzinga unatikisika.

Mrina wa Sikonge:

Marahaba kijana. Umefanya kazi nzuri ya kukaa kwenye kichuguu, wengi hawakai.

Basi kuna mambo matatu yamepandana, tuyatenganishe. La kwanza ni njaa. Maua yakiwepo nyuki hana habari na wewe, wengi wako shambani toka asubuhi, na wazee ndio wanaokwenda shamba. Maua yakiisha wale wazee, ambao ndio wakali, wanabaki nyumbani hawana kazi, na asali iliyomo ndani ndio pekee waliyo nayo mpaka mvua. Hapo mlinzi mmoja anakuwa hamsini. Hilo ndilo limegusa 1, 2 na 4 na wala sio ajabu, kila mwaka kiangazi watakuwa hivyo, jua hilo. Huku kwetu Tabora miombo ikimaliza maua ni hivyo hivyo.

La pili ni ndoo. Hiyo ndoo umewafundisha wizi. Nyuki wa mizinga yote wamekutana pale pale kwenye asali isiyo na mwenyewe, ilipoisha wakaanza kuitafuta kwenye milango ya wenzao. Ukiona nyuki wanaruka mbele ya mzinga kushoto kulia hawatui, au wanakamatana wanaanguka chini pamoja, ni wizi huo. Mzinga ulioibiwa au unaojilinda na wezi unamchoma kila anayepita. Ndoo, nta, kipande cha sega, vyote viondoke, fukia hata udongo uliomwagikiwa. Halafu punguza milango, acha upana wa kupita nyuki wawili watatu tu.

La tatu ni mbuzi, hilo limeisha.

Lakini bado hayanielezi namba 3. Njaa ni ya wote, wizi ni wa wote. Huyu ana kitu chake. Usiku ulipokwenda ulisikiliza? Weka sikio kwenye ubao, gonga mara moja kwa kidole. Wakivuma juu mara moja wakanyamaza, malkia yupo. Wakiendelea kulia kwa muda mrefu kama watu wa msibani, huenda hana.

Kijana wa Migunga:

Nimegonga mzee. Wamevuma juu mara moja wakanyamaza.

Mwanafunzi wa Zamani:

Nimeufuatilia uzi huu toka jana, nilisoma ufugaji nyuki pale Tabora, naomba nimuulize mleta mada swali moja tu. Ule mzinga wa 5 ulioingia nyuki mwishoni mwa mwezi wa tatu, walitoka wapi?

Kijana wa Migunga:

Sijui mkuu, nilikuta tu wameingia. Ngoja nimuulize dogo maana yeye ndio alikuwa wa kwanza kuwaona.

Nimemuuliza. Anasema siku hiyo alikuwa anachunga, aliona nyuki wengi sana wanatoka namba 3 "kama moshi", wakaning'inia kwenye mkwaju kutwa nzima, kesho yake ndio wakawa wameingia namba 5. Hajawahi kuniambia kwa sababu sikumuuliza.

Mwanafunzi wa Zamani:

Basi mkuu umepata jibu lako. Kundi likigawanyika mara ya kwanza, anayeondoka ni malkia wa zamani, anaondoka na sehemu kubwa ya nyuki. Mzingani anabaki binti yake bado yuko kwenye seli. Kwa hiyo yule mama wa nyuki wapole uliowazoea hayuko namba 3, yuko namba 5, ndio maana namba 5 wametulia.

Sasa piga hesabu. Tuseme walitoka tarehe 28 mwezi wa tatu. Binti anatoka kwenye seli ndani ya wiki moja hivi, anahitaji siku kadhaa kukomaa, anaruka kwenda kupandwa hewani na madume kumi, kumi na tano, wa mizinga ambayo wewe huijui, ya porini, ya ndani ya mibuyu, ya popote. Anaanza kutaga kama katikati ya mwezi wa nne. Kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, anachukua kama siku 20 toka yai mpaka kutoka, kwa hiyo mabinti zake wa kwanza wametoka mwanzoni mwa mwezi wa tano. Kibarua hazaliwi akiwa mlinzi, kwanza anasafisha, analisha majana, anajenga, ulinzi wa mlangoni anafika akiwa na wiki mbili tatu. Hiyo inakupeleka mwishoni mwa mwezi wa tano, siku zile zile ulizokimbizwa mpaka lami.

Na kibarua wakati wa kazi nyingi anaishi kama wiki sita tu. Wale waliokuwa wanatembea mkononi mwako mwezi wa pili wameshakufa wote, mkuu. Hakuna nyuki aliyebadilika. Nyumba ni ile ile, waliomo ni familia nyingine, yenye baba zake wengine.

Ukali unarithiwa, hilo halina ubishi. Mwaka 1956 Warwick Kerr wa Brazili alichukua malkia toka Afrika Kusini na Tanganyika, huku kwetu, akitaka kupata nyuki wanaofaa nchi ya joto. Mwaka 1957 makundi 26 yakatoroka kule Rio Claro wakachanganyika na nyuki wa kizungu, na kila walikofika watu wakaanza kusema nyuki wamekuwa wakali ghafla. Mwaka 1990 wakaingia Texas. Kwa hiyo nyuki wetu hata yule tunayemuita mpole ana damu ya kujilinda, amepita kwenye nyegere, moto wa nyika na warinaji miaka maelfu. Ukiongeza malkia aliyepandwa na madume ya ukoo mkali, halafu njaa, halafu wezi, halafu mbuzi anatikisa nyumba, unapata Jumanne ile.

Kijana wa Migunga:

Aisee nimesoma hii mara tatu. Nilikuwa nalala nawaza nimewakosea nini.

Sasa nifanye nini na namba 3? Nimuue malkia?

Mrina wa Sikonge:

Huyu kijana wa Tabora amesema vizuri, na mimi nimejifunza hapo kwenye hesabu ya siku, sisi tulikuwa tunajua tu kwamba kundi likitoa mtoto lililobaki hulijui tena mpaka ukae nalo.

Kuhusu malkia, fundi akiwa na namba 5 anaweza kufanya hivi: anamtoa malkia wa namba 3, anawapa kiunzi kimoja chenye mayai na mabuu wadogo kabisa kutoka namba 5, wanamlea malkia mpya mwenyewe kutokana na hao. Lakini sio sasa. Kiangazi hiki madume ni wachache, wamefukuzwa mizingani ili wasile akiba, malkia mpya atapandwa na nani? Atakaa bila kupandwa, kundi litakufia. Ngoja mvua, ngoja maua, ukiona madume wamejaa tena ndio useme. Na hata hapo hakuna uhakika, mama atakuwa mpole ila wakwe huwachagui wewe.

Sasa hivi mzinga uhame. Kuuacha hatua 200 toka kwa watoto ni kosa, hata wangekuwa wapole.

Muli wa Kitui:

Na ukihamisha usisogeze mita mia. Wazee watarudi pale pale kwenye mti wa zamani wajazane hapo bila nyumba, itakuwa vita mpya. Peleka kilomita 3 au zaidi. Funga mlango usiku wote wakiwa wameingia, tumia waya wa neti ili wapate hewa, usizibe na nguo wakakosa pumzi, masega yatayeyuka.

Kijana wa Migunga:

Mrejesho wakuu, zimepita wiki tatu.

Mbuzi tulilipa. Baba alienda mwenyewe na mimi nikaenda kumuona mtoto, amepona, mama yake alinisikiliza nikamweleza habari ya kamba na mti, akasema kumbe. Mwenyekiti hakuitwa.

Namba 3 tumehamisha usiku wa saa 3, mimi na mjomba yule yule wa petroli. Nilimvalisha vazi langu mimi nikavaa makoti mawili na gambuti, nilifua kila kitu kwanza. Moshi tuliwasha kinyesi cha ng'ombe kilichokauka na magunzi, tukapuliza taratibu mlangoni tukasubiri dakika kama tano hivi ndio tukafunga neti. Tukaubeba kwa mti mabegani mpaka kwenye toyo, tukaupeleka shamba la babu kilomita 4, porini hakuna nyumba wala njia ya mifugo. Dereva wa toyo alizima muziki mwenyewe bila kuambiwa. Miiba niliyopata ni 2, mjomba hakuguswa, njia nzima anauliza maswali ya asali.

Masega nimefukia, ndoo iko nyumbani imeoshwa, milango nimepunguza, na nimeweka beseni la maji lenye mawe na vijiti ili wasizame maana mto umekauka. Siku nne za kwanza sikuona tofauti, nilianza kukata tamaa. Kuanzia wiki ya pili 1, 2 na 4 wamerudi kwenye hali ambayo nikienda saa 11 na nusu jioni nafanya kazi yangu naondoka. Sio kama mwezi wa tatu, ila sasa najua kwa nini, na siendi mchana tena.

Namba 3 nimewatembelea mara moja. Bado wakali, nimesimama hatua 30 wakanijia. Nimewaacha walivyo. Mizinga iliyobaki nayo nahamisha mmoja mmoja kwenda huko huko kwa babu kabla ya mvua, namba 5 wa mwisho.

Namba 5 nimeipiga alama ya chokaa mbavuni ili mtu asije akairina kwa bahati mbaya, na dogo nimempa daftari. Kila akiona kundi linaning'inia mahali anaandika tarehe na limetoka mzinga gani.